Shefu wa Bendi Isiyo na Mwenyewe

Jina lake sitaliandika. Mwenyewe hakutaka litajwe, na sababu yake nitaieleza nikifika huko. Sisi tulimwita Shefu, maana ng'ambo ya ziwa alikotoka kiongozi wa bendi huitwa hivyo, na alipotuambia tumwite hivyo hakuna aliyebisha. Nimemjua miaka mingi. Bendi yenyewe iliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa, lakini mpaka leo watu wazima wa Ujiji wakinikuta sokoni huniuliza habari za bendi kabla ya kuniuliza habari za wanangu.

Tulikuwa wanne. Shefu alipiga gitaa la solo. Ramadhani, mtoto wa jirani yetu hapo Kasingirima, alipiga besi. Ngoma alipiga Bukuru, Muha wa Mwandiga, aliyekuja mjini na madumu ya mawese asubuhi na kubaki kwa mazoezi mchana. Mimi niliimba. Jina letu lilikuwa Wana Mgebuka, na lilitoka kwa Shefu. Alisema mgebuka ni samaki asiye na karatasi: anakula upande wa kule, anakuja kulala upande wa huku, wala hakuna askari anayemuuliza kitu.

Yeye karatasi alikuwa nayo, kibali cha kutoka kambini, kilichochakaa kwa kukunjwa na kukunjuliwa. Ilikuwa miaka ile ambayo boti zilikuwa zikishusha watu kila wiki, na kambi zilijaa mpaka miti ikaisha kwa kuni. Kibali kikikaribia kwisha, Shefu alirudi kambini kukihuisha, nasi tulikaa kumsubiri kama wanafunzi ambao mwalimu wao amekwenda kuchukua mshahara. Akirudi alikuwa amekonda kidogo na ana nyimbo mpya mbili.

Bendi zote nilizozijua wakati huo zilikuwa na mwenyewe. Tajiri ananunua vyombo, anavifungia stoo, na mwanamuziki akimkorofisha anabaki na mikono mitupu. Shefu alikataa habari hizo. Tajiri mmoja wa Buzebazeba alitaka kutupa vyombo vipya, kwa sharti kwamba jina la duka lake litajwe katika kila wimbo. Shefu alimsikiliza kwa heshima zote, akamwuliza duka linauza nini. Tajiri akasema misumari na saruji. Shefu akamwambia nyimbo zetu zote ni za mapenzi, misumari ataiweka wapi.

Kwa hiyo tulipiga vyombo vyetu wenyewe, na vilikuwa vya ajabu. Gitaa lake lilikuwa limevunjika ubavu wakati wa kuvuka, akaliziba kwa kipande cha bati la mafuta ya kula. Besi ya Ramadhani ilichongwa na fundi wa mitumbwi pale Kibirizi, nzito kiasi kwamba akimaliza kupiga bega lilibaki limeinama. Ngoma za Bukuru zilitokana na mapipa. Umeme wetu ulikuwa betri ya lori. Spika ilikuwa moja, imechanika, na kila Shefu alipogusa uzi ilikoroma. Fundi redio mmoja alijitolea kuishona bure. Shefu alimshukuru, akamwambia aiache kama ilivyo, maana ndiyo sauti ya tano ya bendi.

Mkoromo ule ulimfurahisha zaidi Ramadhani. Alikuwa na kaseti aliyopewa na Mzungu mmoja wa misaada, magitaa matupu ya kelele na kijana anayepiga ukelele juu yake. Shefu aliisikiliza yote, kichwa kimeinama, kisha akasema, "Hawa watu iko na hasira, lakini wanapatana." Tangu siku hiyo tukawa na muziki usio na jina. Wazee walioyazoea magitaa matamu ya rumba walisema tunapiga vurugu. Vijana wa sekondari walisema tunapiga roki. Bukuru alisema yeye anapiga ngoma, na hayo mengine ni ya wenye nafasi.

Mtu mwenyewe alikuwa mpole kupita kiasi. Siku ya kwanza alipokuja nyumbani kuomba niimbe kwenye bendi, alimkuta mama uani anachagua dagaa, akamwambia kwa uchangamfu, "Jambo, mama." Huko kwao ni salamu nzuri kabisa. Mama yangu, mwanamke wa Ujiji aliyelelewa kwa shikamoo, aliinua macho taratibu.

"Jambo hilo umemletea nani?" akamwuliza.

Nilimvuta pembeni nikamfundisha. Alijutia lile kosa kiasi kwamba kuanzia siku ile akawa anamwamkia kila mtu. Alimwamkia Ramadhani, aliyekuwa na miaka kumi na saba. Alimwamkia muuza barafu. Mama akaanza kumpenda hapo hapo, ingawa hakusema. Alikubali niimbe, kwa sharti kwamba mazoezi yafanyike uani kwetu, mchana, yeye akiwepo. Ndivyo tulivyofanya. Bendi yetu yote ilizaliwa kati ya kamba ya nguo na jamvi la dagaa, na mama ndiye aliyekuwa hakimu. Wimbo ukimkera alianza kuimba kaswida kwa sauti yake ya puani, nasi tulijua tubadilishe.

Ni mama aliyeniambia, kabla sijaona mwenyewe, "Yule mtu wenu anacheka kwa meno tu."

Alikuwa na vituko visivyopatana. Alitukaripia tukichelewa, na yeye mwenyewe hajawahi kufika kwa wakati. Aliogopa maji ya ziwa, hata kunawa miguu ufukweni hakutaka, lakini alikataa nyumba yoyote ambayo ziwa halionekani. Alikuwa Mkristo wa rozari mfukoni, na mwezi wa Ramadhani ulipoingia alisimamisha mazoezi mpaka uishe bila kuombwa, akaja kwetu jioni na tende kumfuturisha mama. Kufundisha kwake kulikuwa kwa maneno machache. "Ukikosea, kosea kwa nguvu," alituambia, "watu watafikiri wimbo iko vile." Ngoma za Bukuru zikikimbia, hakumkemea. Alimwendea karibu na kumpigia gitaa sikioni mpaka akarudi. "Ego, Shefu," Bukuru aliitika kwa Kiha chake, jasho linamtoka.

Lakini kituko kikubwa kilikuwa cha honi.

Hatukuwa na kinanda wala chombo chochote cha kupimia sauti. Shefu alipima gitaa kwa honi ya meli. Meli kubwa inapoondoka bandarini hulia, na mlio wake hupanda mpaka Ujiji. Sisi siku hiyo tulikaa kimya uani, vyombo mikononi. Honi ikilia, Shefu alikaza uzi wake mnene mpaka ukalala juu ya mlio ule, kisha Ramadhani alifuata, kisha mimi niliimba "aaa" mpaka nikaukamata. Kutoka hapo kazi ya kuutunza ilikuwa yangu. Meli ilikwenda kusini, ilikaa siku zake huko, na muda wote huo mimi nilibeba sauti ya honi kooni. Tulipokutana kwa mazoezi jambo la kwanza Shefu aliniambia, "Dada, tupe meli." Niliitoa, nao wakapima. Nilijivunia kazi hiyo kuliko kuimba kwenyewe, na siku nilizopata mafua nililia.

Sasa niseme sababu ya jina lake kufichwa, ambayo sisi watatu tuliijua tangu mwanzo, hakuificha. Vita vilipofika kwao Shefu hakuwepo nyumbani. Alikuwa amekwenda kupiga harusi mji wa mbali, na barabara ikafungwa nyuma yake. Alivutwa na umati wa watu mpaka ufukweni, akapakiwa botini, akashushwa Kigoma na gitaa lililovunjika. Mke na watoto wawili walibaki kule. Hakujua kama wako hai. Redio ya mjini ilikuwa na kipindi cha kusoma majina ya waliopotezana, na ilisikika vizuri ng'ambo, lakini Shefu aliogopa. Waliochoma mtaa wao walikuwa bado hapo, nao pia wana redio. Jina lake likisomwa, wangejua nyumba ya mkewe ni ipi.

Mpango wake ulikuwa wimbo. Redio itapiga wimbo bila jina la mtu, na mke wake atajua.

"Atajuaje?" nilimwuliza siku moja.

"Atajua," alisema. "Huko pia nilipima na meli hii hii. Miaka yote alinisikia namna hiyo. Akisikia kamba ya kwanza tu ya gitaa, atasema huyu ni wangu."

Ndipo nilipoelewa kwa nini mchezo wa honi haukuwa mchezo. Tuliutengeneza wimbo huo miezi mingi. Maneno yake yalikuwa mepesi, mtu anamwambia mkewe amwekee chakula, amechelewa lakini yuko njiani. Niliimba mimi, naye aliitikia. Tulipoupiga mara ya kwanza wote mpaka mwisho, mama aliacha dagaa na kwenda ndani. Hakuimba kaswida.

Redio ilitupa alasiri moja ya kurekodi. Tulikwenda tumenyooka kama watu wa kwenda kuposa, Bukuru na shati la kuazima. Fundi mitambo alikuwa kijana mzuri, msomi wa kazi yake, na alikuwa na kinanda kipya cha umeme ambacho alikuwa na hamu kubwa ya kukitumia. Alisema atatutia kinanda nyuma, wimbo uwe na mwili. Tukaanza.

Nimeimba maisha yangu yote na sijasikia kitu kibaya kama kile. Kinanda kilikuwa huku, sisi kule, kama watu wawili wanaogombea mlango mmoja. Fundi akasimamisha mitambo. Akatuambia kwa adabu kwamba sote wanne tuko nje ya sauti. Shefu akamwambia, kwa adabu pia, kwamba sisi wanne tunapatana, aliye peke yake ni kinanda. Kijana akacheka, akaeleza jinsi kinanda kilivyopimwa kiwandani. Shefu akamweleza kuhusu meli. Kijana akadhani anataniwa.

Honi ya meli, niliambiwa baadaye na mwalimu wa kwaya, ilikuwa inalia katikati ya sauti mbili za kinanda, si hii wala si ile. Sisi tulikuwa tumeishi hapo katikati zaidi ya mwaka mzima bila kujua.

Fundi alitaka tukaze nyuzi kidogo tu tufuate kinanda. Ramadhani alikuwa tayari, alishaanza kuzungusha vifunguo. Bukuru akasema ngoma haina habari na mambo hayo, tuamue haraka. Shefu aliweka kiganja juu ya nyuzi za besi.

"Kaka," alimwambia fundi, "kuna mtu mmoja anapaswa kunijua. Ukinihamisha hapa, atasema ni mtu mwingine, atazima redio."

Kijana alimtazama. Akanitazama mimi, nami machozi yalikuwa yananitoka, sikuyazuia. Alikifunika kinanda chake kwa kitambaa, akasogeza kipaza sauti karibu na spika yetu iliyochanika, akasema tuanze. Tuliupiga mara moja. Bukuru alikosea katikati, akakosea kwa nguvu, na mpaka leo watu wanaoukumbuka wimbo huo huupenda hapo hasa.

Ulichezwa kila alasiri katika kipindi cha muziki. Hilo hatukulitegemea. Vijana wa Kibirizi waliuimba wakianua nyavu. Tuliitwa harusi za Mwandiga, za Ujiji, hata sherehe moja ya kambini ambako watu walicheza huku wanalia na hakuna aliyeona ajabu. Tajiri wa misumari akarudi, safari hii bila sharti. Ramadhani alijinunulia miwani ya jua. Mimi nilianza kutembea kama mtu anayejua anatazamwa. Shefu peke yake hakubadilika. Alasiri ikifika alikaa uani kwetu na redio ya mama mapajani, akisikiliza wimbo wake uso umegeukia ziwa.

Kisha siku moja alikuja mapema kuliko wenzake, mimi bado niko ndani, jambo ambalo halijawahi kutokea. Tulimkuta amekwisha kukunja nyaya na kuipakia betri ya lori kwenye baiskeli.

"Tumemaliza," alisema.

Bukuru alidhani anazungumzia mazoezi ya siku hiyo. Shefu akarudia, bendi imemaliza. Alikuwa ametoka redioni, amewaomba wasiupige tena ule wimbo, na kwa kuwa ni wake wamekubali. Tulimwuliza kwa nini. Tulimwuliza kwa upole, tukamwuliza kwa ukali, Ramadhani akamwuliza huku akilia. Alituomba radhi kila mmoja kwa zamu. Alimwamkia mama, akasukuma baiskeli, akaenda zake.

Mtaani maneno yalikuwa mengi. Ameokoka. Amelogwa. Amenunuliwa na bendi ya Dar es Salaam. Mimi nilikasirika kuliko wote, na sioni haya kusema kwamba hasira ile nilikaa nayo miaka. Nilikuwa na sauti, nilikuwa na umri mzuri, nilikuwa na wimbo ambao mji mzima uliujua, na mtu mmoja alikuja siku moja akazima taa. Nikikutana naye barabarani niliitika salamu na kupita. Yeye hakuacha kunisalimu. Idi ikifika, mama aliletewa tende, na aliyezileta hakuingia ndani.

Miaka ikaenda. Kambi zikaanza kufungwa, boti zikawa zinapeleka watu badala ya kuwaleta. Nilisikia Shefu hakujiandikisha kurudi. Alipata kipande cha ardhi Mwandiga, akawa anaotesha miche ya michikichi na kuiuza kando ya barabara. Gitaa, walisema, hana.

Tulikutana kwenye msiba wa mama yake Bukuru. Nilikuwa nimetoka kuosha vyombo na wanawake wenzangu, nikazunguka nyuma ya nyumba kupumzika, nikamkuta ameketi kwenye gogo. Nywele zilikuwa nyeupe zote. Alisimama kunipisha nikae.

"Shikamoo, dada," alisema.

"Shefu, mimi ni mdogo kwako," nikamwambia. Tukacheka, na safari hii alicheka kwa uso mzima. Hapo nikaona sina sababu ya kungoja tena. Nikamwuliza alichotufanyia kilikuwa nini.

Alisafisha udongo kwenye kucha.

"Alisikia," alisema.

Akanieleza. Mwanamke mmoja mfanyabiashara wa vitenge alivuka kutoka kule, akashuka Kibirizi na kuulizia bwana wa gitaa linalokoroma. Alikuwa ametumwa kwa mdomo. Mke alikuwa hai. Watoto wote wawili walikuwa hai. Siku mtaa ulipochomwa, bwana mmoja jirani aliwatoa, watoto akawabeba mgongoni mmoja baada ya mwingine, akatembea nao siku nyingi porini. Walimngojea Shefu. Watu wakaleta habari kwamba amekufa maji, wakamlilia, wakakaa matanga kama haya. Baadaye yule bwana alimwoa mama wa watoto, na sasa kulikuwa na mtoto mchanga kifuani. Halafu alasiri moja redio ikafunguliwa.

"Alisema ni kamba ya kwanza tu," Shefu aliniambia. "Mtoto wangu mdogo kila siku anaongeza sauti, anaita baba, baba. Yule bwana anatoka nje. Hasemi kitu. Anatoka, anasimama nje mpaka wimbo inaisha, anarudi."

"Na mkeo alisemaje?"

"Alisema nimwambie mimi. Nikimwambia aje, atakuja na watoto. Anangoja neno yangu."

Ndani ya nyumba wanawake walikuwa wameanza kupakua ugali.

"Sikutuma neno," alisema. "Nilienda redio, nikasema wasipige tena. Alasiri ikafika, wimbo haipo. Kesho yake haipo. Nilijua ataelewa. Yule bwana alibeba watoto wangu mgongoni, dada. Mimi nilikuwa huku, natafuta kamba za gitaa."

Nilimwuliza kwa nini hakutuambia. Alisema Ramadhani alikuwa mtoto, Bukuru angevuka ziwa siku hiyo hiyo kwenda kuwaleta kwa nguvu, na mimi ningemtazama kwa huruma kila nikifungua mdomo kuimba, wimbo usingekuwa wimbo tena. Alisema afadhali tumkasirikie. Siku hizi binti yake mkubwa humpigia simu. Humwita baba, na yule mwingine pia humwita baba, na yeye anaona ni sawa.

Nilimshika mkono. Ulikuwa mgumu kwa jembe, ncha za vidole zimekwisha kuwa laini kama za mtu ambaye hajawahi kupiga. Nilikuwa na hasira naye bado, na nilimpenda, vyote kwa pamoja. Nikamwuliza swali ambalo pengine si la kumwuliza mtu.

"Unadhani angekuja kweli?"

"Angekuja," alisema. "Kama ningejua hatakuja, ningeacha wimbo iendelee."